Garimoshi la Mezani na Kiswahili cha Mafundi wa Kitengela

Ipo kauli isiyokoma kusikika katika kumbi za mihadhara, na la ajabu ni kwamba wanaoitoa aghalabu ni watu wanaokienzi Kiswahili kwa dhati. Husemwa kwamba lugha hii ni hodari wa mahaba, mawaidha na malumbano ya kisiasa, lakini ikipelekwa karakana hukosa pumzi. Atakayepewa nafasi ya kuufafanua utenzi atazungumza saa nzima bila kuazima neno. Mtu huyo huyo akiombwa aeleze kwa nini redio yake imezimika, atakimbilia Kiingereza kabla hajaimaliza sentensi ya pili. Kauli hii ina adabu ya nje. Humpa Muyaka wa Mombasa heshima anayostahili, kisha hukifungia Kiswahili mlango wa ufundi kwa upole, kana kwamba mlango huo haujawahi kufunguliwa na mtu yeyote.

Makala haya yanaipinga kauli hiyo. Hayatafanya hivyo kwa kurudia hesabu ya wazungumzaji, wala kwa kutaja tena uamuzi wa UNESCO wa 2021 ulioifanya Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, maana sherehe hazijawahi kurekebisha waya. Njia itakayofuatwa ni ya jaribio. Lugha itapewa kazi moja ndogo ya kiufundi, isiyo na mapambo: kusaka hitilafu katika nyaya za garimoshi la mezani linaloendeshwa kwa mfumo wa dijitali. Ikishindwa hapo, wanaoidharau watakuwa wamethibitishiwa dai lao. Ikifaulu, itabidi waulizwe kwa nini hawakuwahi kuijaribu.

Kwanza ifahamike kwamba garimoshi la mezani si kitu cha kuchezea watoto tu. Barani Ulaya na Marekani wapo watu wazima, wahandisi na mahakimu miongoni mwao, wanaotandika reli ndogo juu ya meza pana, wakaziwekea stesheni, madaraja na taa za ishara, na kuendesha treni juu yake kwa ratiba kamili. Kipimo kinachopendwa zaidi ni kile cha moja kwa themanini na saba. Reli ya kisasa ya Mombasa na Nairobi ina upana wa milimita 1,435. Ukiugawanya kwa 87 unapata milimita 16.5, ambao ndio upana wa reli hiyo ya mezani. Kwa hiyo kilichoko mezani ni mtambo wenyewe uliopunguzwa umbo, na matatizo yake ya nyaya ni ya kweli.

Huenda msomaji akauliza, haya yanaihusu vipi Kajiado? Yanaihusu kuliko inavyodhaniwa. Mji huo, ambao jina lake limetokana na neno la Kimaa la mto mrefu, umepitiwa na reli kwa zaidi ya miaka mia moja. Ni tawi linaloachana na njia kuu pale Konza na kuteremka hadi Ziwa Magadi, lililojengwa kwa ajili ya kampuni ya magadi iliyoanzishwa 1911. Mwaka huo huo wa 1911 ndio Wamaasai walitiliwa mkataba wa pili na serikali ya Waingereza, wakahamishwa kutoka Laikipia kuletwa kusini. Reli ikafika Kajiado sambamba na dhuluma, na hilo ni suala linalostahili makala yake lenyewe. Kitengela nayo iko jirani kabisa na stesheni ya Athi River, ambako treni ya abiria ya reli mpya imesimama tangu 2017. Tena tangu 2019 reli hiyo imeendelea kutoka Nairobi hadi Naivasha kwa kupitia Ongata Rongai na Ngong, ndani ya Kaunti hiyo hiyo ya Kajiado. Mtoto wa huku basi ameiona treni. Ambacho hajapewa ni lugha ya kuuliza inavyotawaliwa.

Na jaribio lianze. Katika mtindo wa zamani wa garimoshi la mezani, mwendeshaji aliongeza umeme katika reli ili treni ikimbie, akaupunguza ili itulie. Reli moja ilikuwa waya wa kwendea na ya pili waya wa kurudia. Mtindo huo ulikuwa na udhaifu mmoja: treni mbili zikiwa juu ya kipande kimoja cha reli, zote hutii amri moja, zikaenda pamoja na kusimama pamoja. Mfumo wa dijitali, ambao msingi wake uliwekwa na kampuni ya Lenz ya Ujerumani na kisha ukafanywa kiwango na chama cha Marekani cha NMRA katika miaka ya 1990, uliiondoa kasoro hiyo. Sasa reli ina umeme wakati wote, na umeme huo unageuka mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde. Katika kugeuka huko ndimo amri zinamofichwa. Mgeuko mfupi, wa sehemu 58 za milioni za sekunde, husomwa kuwa moja. Mgeuko mrefu, wa sehemu 100 au zaidi, husomwa kuwa sifuri. Mwanafunzi aliyewahi kusumbuliwa na arudhi ya Kiarabu, yenye silabi zake fupi na ndefu, hatahitaji maelezo zaidi.

Ndani ya kila kichwa cha treni mna kisahani chenye namba yake. Amri zote hupita juu ya reli ile ile, lakini kila kisahani husikiliza amri iliyotanguliwa na namba yake tu. Kifaa hicho kiitweje kwa Kiswahili? Hapa wapo watakaokimbilia kuunda kamati. Jibu lakini limekaa sebuleni miaka mingi. Televisheni ilipohamia dijitali, nchini Tanzania kuanzia mwisho wa 2012 na nchini Kenya 2015, watu walilazimika kununua kisanduku cha kufasiri mawimbi, nao wakakiita king'amuzi, kutokana na kitenzi kung'amua. Kinachofanywa na kisanduku kile juu ya televisheni ndicho kinachofanywa na kisahani hiki ndani ya treni. Ni king'amuzi, na neno linatembea lenyewe bila kusukumwa.

Sasa na ije hitilafu. Garimoshi linakwenda vizuri nusu ya meza, kisha karibu na stesheni linasita, linatikisika, linaendelea. Siku nyingine linazimika kabisa, na kila kilichoko mezani kinazimika nalo. Msomi wa istilahi atatafuta jina la hali hii. Fundi wa Kitengela, yule wa kando ya barabara ya Namanga mwenye meza iliyojaa redio zilizopasuliwa matumbo, hana haja ya jina kwanza. Huuliza swali lake la kila siku: shida iko wapi? Halafu huuliza la pili, ambalo ndilo ufunguo wa kazi yote: imekufa, ama inashika na kuachia?

Katika swali hilo la pili mna elimu nzima. Kilichokufa kina sababu moja ya kudumu, na fundi atapima hadi aifikie. Kinachoshika na kuachia kina sababu inayokuja na kwenda: muungano uliolegea, uchafu juu ya reli, waya uliokatika ndani ya ganda ambao nchi zake hugusana meza ikitikiswa. Ni hitilafu inayochukiwa na mafundi wa dunia nzima kwa kuwa hujificha mara tu fundi anapofika. Maneno matatu ya Kiswahili cha kawaida, kushika, na, kuachia, yameitaja kwa tabia yake, na yeyote ayasikiaye anajua la kufanya: asipime mara moja akaondoka, atikise huku akipima.

Utajiri mkubwa zaidi uko katika mnyambuliko wa vitenzi, yaani somo lile lile ambalo wanafunzi wa mwaka wa kwanza hulilalamikia. Msomaji na azingatie kitenzi kata. Fundi akisema waya umekatika, amekwisha kutoa uchunguzi: hakuna mkono wa mtu, waya umechoka wenyewe, na mahali pa kutazama ni pale unapokunjwa au unapovutwa. Akisema umekatwa, anatafuta mtendaji, ambaye aweza kuwa panya, msumeno wa seremala aliyetengeneza meza, au mwizi wa shaba, na jeraha litaonekana kwa macho. Akisema umeme umekatizwa, yaani kuna kifaa kilichowekwa makusudi kuuzuia, basi aende akatazame swichi na fyuzi kabla ya kugusa kitu kingine. Mzizi ni mmoja, mahali pa kutafuta ni patatu. Kiingereza hakishindwi kuyasema hayo, ila huongeza maelezo pale Kiswahili kinapoongeza kiambishi.

Vivyo hivyo kwa kitenzi gusa. Nyaya zimegusana: kauli ya kutendana, hivyo lazima ziwe mbili, na zote mbili ziko uchi mahali fulani, kuifunika moja kunatosha kwa leo, ila ya pili itarudi kesho na kugusa kingine. Waya umeguswa: kuna kitu cha tatu kilichopita, labda bisibisi iliyosahauliwa chini ya meza. Walimu wa sarufi hufundisha kauli hizi kwa mifano ya Juma na Asha wanaopendana na kuandikiana barua. Hakuna ubaya katika Juma na Asha. Lakini darasa ambalo lingeletewa waya uliokatika na waya uliokatwa, vikawekwa mezani wanafunzi wavitofautishe, lisingeisahau tofauti ya kutendeka na kutendwa maisha yake yote.

Baada ya kuuliza, fundi hugawanya. Reli za mezani huwa zimelishwa umeme na nyaya mbili nene zinazopita chini ya meza kama mto mkuu, na kutoka hapo nyaya nyembamba hupanda kama vijito kwenda kila kipande cha reli. Tuseme vipande ni 16 na kimoja kati yavyo kina kasoro inayozima meza nzima. Anayepima kimoja kimoja aweza kupima mara 15. Mwenye akili huchomoa nusu. Shida ikiondoka, iko upande uliochomolewa. Isipoondoka, iko huku ulikobaki. Vinabaki vipande 8, kisha 4, kisha 2, kisha 1: vipimo vinne na mkosaji amekamatwa. Katika maelezo hayo kazi yote imefanywa na viambishi viwili, -ki- na -sipo-, ambavyo kila mtoto wa Kajiado huvitumia akiwachunga mbuzi wa babake: wakielekea mtoni wazuie, wasipoelekea waache.

Kuna kipimo kingine kinachopendwa na wenye magarimoshi haya, cha sarafu. Umeme ukiwa umewashwa, sarafu hulazwa juu ya reli zote mbili. Mtambo wa kuongozea unapaswa kuhisi mara moja kwamba umeme umepata njia ya mkato, nao ujizime. Sarafu ikiondolewa, urudi. Kipimo hiki hurudiwa kila kona ya meza. Pakipatikana mahali ambapo mtambo haujizimi, hapo ndipo penye hatari: nyaya ni nyembamba mno au ziko mbali mno na mto mkuu, zinauzuia umeme kidogo, kiasi cha kumdanganya mlinzi lakini si kiasi cha kuzuia madhara. Volti 15 na ampea 5 ni wati 75. Joto la balbu ya zamani ya wati 75 likikusanyika mahali padogo kama punje ya mtama, plastiki ya kichwa cha treni huyeyuka. Ukinzani, neno ambalo vitabu vya fizikia hulifafanua kwa fomula, hapa limeelezwa kwa mlinzi aliyedanganywa, na hakuna kilichopungua katika ukweli wake.

Ipo pia hitilafu moja isiyo ya waya wala ya reli. Reli ikizunguka kama kitanzi na kujirudia, ile ya kushoto hujikuta imekutana na ya kulia. Kila waya ni mzima, kila muungano umeshika, na bado treni ikifika pale mtambo unazimika. Kosa limo katika umbo la njia. Wanafunzi wa fasihi wanaopenda kutafuta ila za riwaya katika neno moja moja wangefaidika kukiona kitanzi hiki. Tiba yake ni kukitenga kitanzi kwa kukata reli pande zote mbili, kisha kukipa kifaa kinachogeuza mwelekeo wa umeme treni inapovuka.

Jaribio limefaulu, na halikuhitaji neno lolote lisilojulikana Kitengela. Hata hivyo, uaminifu unadai palipo na udhaifu pasemwe. Udhaifu uko katika neno shoti. Nyaya zikigusana husemwa zimepiga shoti. Mtu akirushwa na umeme husemwa amepigwa shoti. Sarufi bado inajitahidi kutenganisha: nyaya hupiga, mtu hupigwa. Lakini neno likitajwa pekee, kama vile katika habari kwamba nyumba iliungua kwa sababu ya shoti, halimwambii mwenye nyumba ya pili ajihadhari na nini. Magazeti hulikwepa kwa kuandika hitilafu ya umeme, fungu la maneno lenye heshima na lisilo na habari ndani yake. Waya ulilegea na kupata joto? Nyaya zilipanuka zikagusana? Vifaa vingi vilichomekwa katika soketi moja kupita uwezo wa waya? Hayo ni mambo matatu yenye kinga tatu tofauti. Katika mji kama Kitengela, ambao nyumba zake za kupanga huongezeka kila uchao na mafundi wake hufunga nyaya kuanzia alfajiri, uwezo wa kuyatofautisha kwa lugha inayoeleweka na mwenye nyumba na mpangaji si anasa ya wanaisimu.

Hapa mfano wa karibu wafaa kukumbukwa. Ni Kitengela hii hii, ukingoni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambako kijana wa Kimaasai Richard Turere aliunda taa za kufukuza simba. Alikuwa mtoto anayechunga ng'ombe wa babake, na simba waliotoka mbugani waliwaua usiku. Aligundua kwamba simba huogopa mwanga unaosogea. Akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, swichi, balbu za tochi zilizoharibika na kile kisanduku cha pikipiki kinachofanya taa za indiketa ziwake na kuzimika, akaviunga pamoja kulizunguka zizi. Taa zikawa zinawaka kwa zamu, na simba akadhani kuna mtu anayetembea. Mwaka 2013 alisimama katika jukwaa la TED huko California akausimulia ulimwengu jambo hilo, na ulimwengu ukampigia makofi. Alieleza pia kwamba alijifunza umeme kwa kuifungua redio mpya ya mamake.

Hotuba hiyo ilitolewa kwa Kiingereza, na ilistahili kuwa hivyo kwa sababu ya hadhira yake. Lakini taa zenyewe hufungwa bomani. Zikigoma usiku wa manane, simba akiwa upande wa pili wa miiba, anayezitengeneza hazungumzi na hadhira ya California. Anamwambia nduguye amwangazie tochi na amshikie waya, kwa Kimaa nyumbani, na kwa Kiswahili akiwa na fundi wa Kitengela ambaye huenda ni Mkamba, Mkikuyu au Mluo. Mji huo umejengwa na watu wa makabila mengi, nacho Kiswahili ndicho wanachokutania. Kisanduku cha indiketa kinachoamua taa ipi iwake na lini ni ndugu mdogo wa mtambo unaoamua treni ipi iende na lini. Elimu ya aina hii basi iko Kajiado tayari, tena inalinda mifugo.

Kwa upande mwingine wa dunia, kisa cha garimoshi la mezani kina funzo ambalo wanaleksikografia wa Kiswahili hawajalitumia. Mwaka 1946 wanafunzi wa MIT nchini Marekani walianzisha klabu ya magarimoshi ya mezani. Klabu hiyo ilikuwa na kamati ndogo iliyoshughulikia ishara na umeme, vijana waliokesha chini ya meza wakiunganisha swichi za simu zilizotolewa na kampuni ya simu. Wakabuni maneno yao wenyewe ya kutaja ujanja, uchafu na uharibifu waliokutana nao. Mwaka 1959 mmoja wao, Peter Samson, aliyakusanya maneno hayo katika kamusi ndogo. Vijana hao walipohamia kwenye kompyuta za kwanza za chuo, walikwenda na maneno yao, na baadhi yakawa lugha ya kompyuta ya ulimwengu mzima. Neno la Kiingereza ambalo Kiswahili hulitafsiri leo kwa mdukuzi lilipata maana yake ya kiufundi chini ya meza ile, na lilimaanisha fundi mbunifu aliyeunga nyaya kwa namna ya kustaajabisha. Kiswahili kililipokea kutoka katika habari za wizi wa benki, ndiyo maana kikampa fundi huyo jina la mpelelezi wa siri za watu. Neno likikosa kuchukuliwa mahali lilipozaliwa hufika likiwa limevuliwa nguo.

Mpangilio wa matukio katika kisa hicho ndio wa kuzingatiwa. Mikono ilitangulia, maneno yakafuata, kamusi ikaja mwisho. Katika Kiswahili mpangilio aghalabu umepinduliwa. Kamati huketi, huorodhesha nomino za Kiingereza upande wa kushoto, huzitafutia nomino za Kiswahili upande wa kulia, kisha husubiri mikono itakayozitumia. Kazi ya wazee wa TUKI si ya kubezwa. Kamusi yao sanifu ya biolojia, fizikia na kemia ya 1990 imewafaa wengi, na bila hiyo hata maneno mkondo na ukinzani yasingekaa kwa utulivu katika makala haya. Lakini orodha ya nomino humwezesha mtu kutaja vitu vilivyoko mezani, haimwezeshi kusema kilichovipata. Hitilafu ni tukio. Huishi katika vitenzi, na vitenzi vya tukio hilo havikuwahi kutafutwa kwa mafundi.

Watakaopinga watasema lugha ya mafundi si sanifu. Ni kweli. Imejaa testa, fyuzi, swichi na shoti, na kwa vijana wengi imechanganyika na Sheng. Basi na waulizwe habari za stima. Neno hilo lilitoka Kiingereza likiwa jina la meli ya mvuke, likapanda bara, na Kenya ikalifanya jina la umeme wenyewe, hivi kwamba stima hupotea jioni na kurudi asubuhi kama mume asiyeaminika. Hakuna kamati iliyolipitisha. Na garimoshi linaendelea kuitwa hivyo hata juu ya meza ambako hakuna moshi. Usanifu ni hatua inayokuja baada ya kukusanya. Anayeudai kabla ya kukusanya anadai mavuno kabla ya mbegu.

Gharama ya kupuuza jambo hili hulipwa na watu halisi. Mitihani ya ufundi ya Baraza la Mitihani la Kenya hutungwa kwa Kiingereza. Kijana aliyejifunza kando ya barabara, mwenye uwezo wa kukamata hitilafu kwa vipimo vinne, hukaa mbele ya karatasi inayomtaka aeleze hatua hizo kwa lugha ambayo hajawahi kuzifanyia kazi. Hufeli, kisha hubaki bila cheti, kisha mwenye cheti asiyejua kutofautisha uliokatika na uliokatwa humwajiri kwa ujira wa siku. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi. Hadhi hiyo haijafika katika chumba cha mtihani wa waya. Wala wizara haiwezi kulaumiwa peke yake. Mtahini akiamua leo kutunga karatasi hiyo kwa Kiswahili, atayachukua wapi maneno? Hakuna aliyemwandikia.

Hiyo ni kazi ambayo chama cha wanafunzi wa Kiswahili kingeweza kuianza bila ruzuku. Tasnifu nyingi huandikwa kila mwaka juu ya riwaya zile zile tano. Magari ya Kitengela huondoka katikati ya Nairobi mchana kutwa, na yale ya Kajiado mjini hufuata barabara iyo hiyo. Mwanafunzi aende na daftari, akae na fundi siku nzima, asiulize kifaa fulani kinaitwaje. Aandike kinachosemwa kifaa kinapogoma: fundi anaposhuku, anapopima, anapokosea, anapofurahi. Fundi atataka malipo kwa muda wake, na ni haki yake alipwe hata kama ni kwa chakula cha mchana. Baada ya muhula mmoja patakuwa na vidahizo mia mbili au zaidi, vyote ni vitenzi na mafungu ya vitenzi, kila kimoja na mfano wake wa matumizi na jina la mji kiliposikika.

Kidahizo cha kwanza kimekwisha kupatikana. Shika na kuachia, kitenzi. Husemwa juu ya umeme, redio, taa au muungano wa nyaya unaofanya kazi mara na kukoma mara bila kuguswa. Mfano: taa ya zizi inashika na kuachia, itikise waya karibu na betri. Kitengela. Mahali pa mji wa pili paachwe wazi, maana huenda mafundi wa Kajiado, kusini kwa barabara ile ile, wanalo neno lao.